Mbuzi Watatu na Bahari ya Mirihi

Watu wangu, leo nimevuliwa nguo hadharani, na suti nilikuwa nimevaa.

Naandika haya nikiwa kwenye ngazi za ploti yetu ya kupanga hapa mtaani Mowlem. Viatu nimevua, tai iko mfukoni. Heri mnisikie mimi mwenyewe kabla hamjamsikia Baba Mdogo, maana yeye ameshaanza kuongeza chumvi (na leo sitaki kusikia mtu yeyote akitaja chumvi).

Kwa wale hamnijui: mimi ni Njoro, mwalimu wa sayansi katika shule ndogo ya kibinafsi hapa mtaani. Mchana nafundisha mizizi na meno. Jioni, nikipata bando, naingia Mirihi. Kuna kundi mtandaoni la watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi. Tunaletewa picha za ile sayari zilizopigwa kutoka juu, nasi tunatafuta dalili kwamba zamani za kale kule kulikuwa na bahari. Mistari ya ufuo. Mahali mto ulipomwaga mchanga wake. Chumvi iliyobaki maji yalipokauka. Hatulipwi. (Mama ameshauliza mara nne. Hatulipwi.)

Pia nina mchumba, Mueni. Mueni ana akili, ana heshima, na ana baba. Baba yake, Mzee Mutisya, anakaa mtaa wa Lucky Summer, na kabla hajastaafu alikuwa dalali wa mbuzi pale soko la Kiamaiko. Mara ya kwanza tulipokutana aliniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia nafundisha, na jioni natafuta bahari ya kale kwenye Mirihi. Akaweka kikombe chini.

"Kwenu Mowlem maji huja siku gani?"

"Jumanne, Mzee."

"Jumanne iliyopita yalikuja?"

"Hapana, Mzee."

"Na wewe unatafuta ya Mirihi."

Akaendelea kunywa chai. Mueni alinifariji tukiwa njiani. "Baba hana shida na mtu maskini, Njoro. Mtu asiyempenda ni mwongo. Sokoni walimdanganya sana, siku hizi hata mchungaji akisema tuombe, yeye huacha jicho moja wazi." Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Mimi nina makosa mengi lakini uongo siuwezi, nikijaribu masikio yanakuwa mekundu.

Sasa, kwa Wakamba kuna kitu kinaitwa ntheo. Ni mbuzi watatu. Unawapeleka kwa kina msichana, wazee wanawakagua, wakipokelewa basi msichana ana mwenyewe na hakuna mwanamume mwingine wa kuuliza swali. Wasipopokelewa, wewe ni mtu tu aliyepita hapo na mifugo. Ntheo yangu ilipangwa leo, Jumamosi, saa tisa alasiri. Wazee walikubali tufanyie Lucky Summer kwa sababu Mzee anaumwa na goti na safari ya kwao Mwingi ni ndefu.

Mimi ni Mkikuyu wa Mowlem. Kwetu siku hizi mbuzi wa mahari hutumwa kwa simu. Hawalii, hawanuki, hawahitaji kamba. Mbuzi mzima mwenye miguu yake minne nilikuwa sijawahi kumshika. Tulikuwa tukikutana kwenye sahani tu.

Na kama vile Mungu anapenda mchezo, leo hiyo hiyo asubuhi ilikuwa siku ya wazazi shuleni, nami ndiye niliyepewa meza kubwa ya sayansi.

Nilijipanga. Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa Kiamaiko na Baba Mdogo. Huyu ni ndugu ya marehemu baba yangu, ana pikapu na ana mdomo, kwa hiyo leo alikuwa dereva na pia msemaji wa ukoo. Kuhusu mbuzi anajua kiasi ninachojua mimi. Tulichagua kwa kuangalia sura. Mweusi mmoja mwenye ndevu, mwekundu mmoja mpole, na jike mweupe aliyekuwa akinitazama kwa dharau. Muuzaji alituapia kwamba jike huyo ni wa ukoo mzuri. Baba Mdogo akamuuliza, "Ukoo gani?" Muuzaji akasema, "Mzuri." Tukaridhika, nikamtumia Mueni picha yao.

Mpaka saa tisa mbuzi wangekaa wapi? Kwenye ploti yetu mwenye nyumba hataki hata paka. Nikawapeleka shuleni, nikawafunga nyuma ya darasa langu, kwenye kivuli. Bawabu wetu, Wafula, akaahidi kuwaangalia. (Aliwaangalia. Hilo siwezi kumlaumu. Aliwaangalia kwa makini mpaka mwisho.)

Niwaambie kuhusu meza yangu. Fundi mmoja wa jua kali alinikunjia bati likawa sinia kubwa, la kubebwa na watu wawili. Nikalijaza udongo mwekundu niliobeba kwa gunia kutoka kwa nyanya yangu Murang'a. Nikachimba bonde katikati, nikachora mito inayoingia, nikapanga mawe madogo ya mviringo pale mto unapoishia, maana jiwe halipati mviringo bila maji kulizungusha. Halafu kuzunguka bonde lote nikamwaga pakiti tatu za chumvi, nikaongeza magadi niliyoomba kwa mama anayeuza githeri, yale mahindi na maharagwe, kwenye kona. Ukanda mweupe, safi, unaong'aa. Huo ndio ulikuwa ufuo wa bahari iliyokauka. Niliutengeneza wiki nzima na niliupenda, sitawaficha.

Wazazi walijaa. Nikaongea. Jamani, niliongea! Nikawaonyesha mito, mawe, chumvi. Mama Brayo, mzazi wa darasa la sita, akainua mkono.

"Sasa mwalimu, hiyo maji yote ilienda wapi?"

"Mengine yalipotelea angani, mama. Mengine inadhaniwa yamejificha ndani ya mawe, chini kabisa."

"Kumbe ni kama hapa kwetu. Paipu iko, maji imejificha."

Watu wakacheka, nami nikacheka, nikavimba kichwa. Nikashika tai nikatamka kwa sauti ya mhubiri: "Wazazi wangu, maji hayapiti mahali bila kuacha ushahidi. Anayejua kusoma atajua yalipita." Wakapiga makofi. Mwalimu mkuu naye akapiga makofi, halafu akanisogelea.

"Mwalimu Njoro, vizuri sana. Sasa toa huo mchanga mezani, tunataka kupanga chai na mandazi."

Mchanga! Lakini mkubwa ni mkubwa. Nikamwita Wafula, tukabeba sinia mpaka nyuma ya darasa. Kivuli kilikuwa kimoja tu, kile cha mbuzi. Tukaliweka hapo. Nilisita kidogo, nikajiambia, aah, mbuzi hawali udongo. (Msomi wa Mowlem huyo.)

Ningerudi mara moja kila kitu kingekuwa sawa. Lakini mlangoni alinishika baba mmoja aliyetaka kujua kama bahari hiyo ilikuwa na mawimbi. Mimi nikiulizwa swali la Mirihi, hata nyumba ikiungua namaliza jibu kwanza. Tukaongea. Akaja mwingine. Nikachora kwenye karatasi ya mandazi. Ilipita kama saa moja.

Niliporudi nyuma, bahari haikuwa na ufuo. Ule ukanda wote mweupe ulikuwa umelambwa, kona kwa kona, mpaka udongo ukabaki na ung'aavu wa mate. Mweusi alikuwa amesimama ndani ya bonde kwa miguu ya mbele. Jike alikuwa bado anakwangua mdomo wa mto.

"Mwalimu," Wafula akasema kwa upole, "mchanga wako umeliwa."

Nilitaka kulia. Wiki nzima ya kazi! Lakini nikatazama saa, nikajiambia leo ni siku ya Mueni, mambo ya Mirihi yatangoja. Na mbuzi wenyewe walikuwa wameanza kulia kwa sauti ya kuchekesha, ndimi nje. Nikawahurumia. Jua kali, wageni mjini. Nikamwomba Wafula maji ya tangi.

Walikunywa. Ndoo ya kwanza iliisha kabla hajaiweka chini vizuri. Ya pili vilevile. Nilipoteza hesabu. Nami nikiwa nimesimama pale naona mbuzi wangu wanajaa! Asubuhi walikuwa na mbavu, sasa wana matumbo. Mwekundu alikuwa na umbo la mwenyekiti wa kamati. Nikasema Mungu huyu ni mwema, amenipa mbuzi wanaonenepa kwa kupumzika. Nikawapiga picha tena, nikamtumia Mueni.

"Ona vile wamenona!"

Akajibu: "Hao ni wale wa asubuhi??"

"Ndio!"

"Njoro umewafanyia nini"

Nikadhani ni sifa. Nikamtumia kidole gumba.

Saa tisa kamili tulifika Lucky Summer. Akina mama walitupokea kwa wimbo langoni, tukaimbishwa, tukacheleweshwa kidogo kama desturi ilivyo, tukafunguliwa. Uani wazee watano walikuwa wameketi, Mzee Mutisya katikati, fimbo mkononi. Mueni alikuwa amesimama karibu na mama yake, na badala ya kunitabasamia alikuwa ananitolea macho. Nikamkonyeza. (Bado nilikuwa sijui.)

Baba Mdogo akasimama kuwatambulisha mbuzi. Alianza na babu yetu wa kwanza. Alipofika karibu na mwaka niliozaliwa, Mzee Mutisya aliinuka polepole, akaja mpaka kwa mwekundu. Akashika mgongo. Akashika mbavu. Akaweka kiganja kwenye tumbo, akasukuma mara moja.

Chubwi.

Uwanja mzima ulisikia. Akasukuma tena. Chubwi. Akainama akaweka sikio. Akapitisha kidole kwenye mdomo wa mbuzi, akakitazama, akakiweka ulimini.

Wakati huo huo mweusi akaanza kukojoa. Alikojoa. Akakojoa. Baba Mdogo alikuwa katikati ya sentensi kuhusu heshima ya ukoo wetu, akaona afadhali angoje. Mbuzi hakuwa na haraka. Kijito kilipita katikati ya viti, mzee mmoja akainua miguu, mwingine akahamisha kofia yake. Alipomaliza mweusi, akaanza mwekundu.

"Asubuhi chumvi," Mzee Mutisya akasema bila kupaza sauti. "Mchana maji. Jioni mteja. Hii kazi niliijua kabla wewe hujazaliwa."

Nikamwangalia bila kuelewa. Mzee mmoja ndiye aliyenifafanulia, kwa huruma: kule sokoni kuna wauzaji walaghai wanaowalisha mbuzi chumvi ili wanywe maji mengi, waonekane wanene. Mteja analipia mbuzi, anapeleka nyumbani maji. Mzee Mutisya alipigana na watu wa aina hiyo maisha yake yote. Na leo mmoja wao amekuja uani kwake na suti, kumwomba binti.

Haiya!

"Mzee, naapa, si mimi niliyewapa chumvi."

"Waliipata wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nimekwisha. Kwa sababu ukweli nilikuwa nao, na ukweli ulikuwa huu:

"Walilamba bahari, Mzee."

"Bahari gani?"

"Ya... ya Mirihi."

Hata wale akina mama waliokuwa bado wanaimba chinichini waliacha. Mueni akajifunika uso kwa leso. Baba Mdogo, msemaji wa ukoo, aliyelipiwa mafuta na chakula cha mchana, alianza kukagua vifungo vya koti lake.

"Kijana," Mzee akasema, "mwongo wa kawaida angeniambia walikula nyasi mbaya. Ningemfukuza, lakini ningemwelewa. Wewe umenipeleka mpaka Mirihi."

Masikio yangu yalikuwa mekundu kabisa. Kutokana na aibu, lakini nani angejua? Nilimwona Mueni anafuta macho, na hapo sikuona tena kitu cha kuchekesha. Miaka mitatu nimempenda huyu msichana. Nilikuwa nampoteza mbele ya watu wote kwa sababu ya pakiti tatu za chumvi.

Ni Mueni aliyeniokoa. Akatoa leso usoni, akasema, "Baba, wewe husema mbuzi hahukumiwi kwa maneno, huhukumiwa kwa kushikwa. Basi mwambie akuonyeshe hiyo bahari."

Nikatoa simu, nikampigia Wafula kwa video. Kwanza tuliona pua yake. Halafu paa. Halafu sauti yake ikajaa uani, kwa spika:

"Mwalimu! Wamekubali?"

"Bado, Wafula. Onyesha sinia."

Mzee akaninyang'anya simu. Akavaa miwani. "Shuka chini. Karibu zaidi. Hapo, simama." Akatazama muda mrefu. Wazee wengine wakainuka wakamzunguka, mmoja baada ya mwingine, wakiruka kile kijito.

"Huu ni ulimi," Mzee akasema. "Hapa ulimi wa pili, mpana. Hizi ni kwato, mmoja alipanda ndani. Kijana wa simu, zunguka upande wa pili. Ehe! Hapa mmoja alikwangua kwa meno ya chini, na katikati pana kijistari kimebaki. Huyo ana pengo."

Akarudisha simu, akaenda kwa yule jike mweupe wa ukoo mzuri, akamfungua mdomo. Jino moja la mbele halikuwepo.

"Eeeeh!" uwanja wote.

Nilibaki nimeduwaa. Mimi nimekodolea macho picha za Mirihi kwa miezi, na sijawahi kusoma picha moja hivyo. Yule mzee alisoma kwa dakika mbili, kwenye simu yangu iliyopasuka kioo, picha ikiwa inatingishika. Nilitamani kumwomba aingie kwenye kundi letu, lakini nikaona si wakati.

"Na huu udongo kwenye pua zao si wa Kiamaiko," akaongeza. "Ni wa shamba. Wewe wa simu, uliwaona wakila?"

"Niliwaona, Mzee," Wafula akajibu. "Tangu mwanzo mpaka mwisho. Nilifikiri ndiyo sayansi yenyewe."

Mzee akarudi kwenye kiti. Akaketi. Akaweka fimbo magotini. Nilikuwa nimesimama na kamba mkononi, na jike alikuwa ameanza kutafuna tai yangu, sikuthubutu kumzuia.

"Wazee," akasema, "nimeangalia. Huyu si mwizi."

Nikavuta pumzi.

"Ni mjinga."

Wazee wote wakaitikia kwa kichwa. Baba Mdogo pia! Alikubali haraka kuliko wote!

"Mtu aweke chumvi mbele ya mbuzi, awape maji mpaka wajae, halafu ashangae wamenona. Mwizi hafanyi hivyo mbele ya bawabu. Huo ni ujinga safi, hauna kitu ndani. Mwizi nisingempa mtoto wangu. Lakini mjinga..." Akasita, akageuka kumtazama mkewe, kama mtu anayetaka kura.

Mama Mueni alikuwa hajasema neno tangu tufike. Akajifunga leso vizuri kiunoni.

"Mjinga unaweza kuishi naye," akasema. "Mimi nimeishi naye miaka hii yote."

Jamani! Wazee walicheka mpaka mmoja akakohoa. Akina mama wakapiga vigelegele. Mzee Mutisya aliwatazama wote, mmoja mmoja, akajaribu kukunja uso, ukamshinda, akacheka mwisho wa wote na kwa sauti kubwa kuliko wote.

Mbuzi wamepokelewa. Kwa masharti: watakaa bila kuguswa mpaka maji yaishe, kisha watashikwa tena wakiwa wakavu, na atakayeonekana kukonda kupita kiasi nitaongeza wa kumsindikiza. Na kila Jumapili baada ya kanisa nitaenda na Mzee Kiamaiko, nifundishwe kushika mbuzi mgongo. Mueni alinisindikiza mpaka kwenye pikapu, akanikung'uta udongo begani, akaniambia, "Kidole gumba, Njoro? Kweli?" Nikapanda pikapu.

Kwa hiyo nawaomba msinicheke. Ujinga wangu umekaguliwa na wazee watano, ukapatikana hauna maji ndani, na umenipatia mke. Wenu umewaletea nini?